Mafunzo ya Walimu kwa Njia ya Mtandao: Yanavyofanyika na Wajibu wa Wazazi

Wazazi wanaofika shuleni baada ya vipindi vya mchana huwakuta walimu wameketi pamoja katika chumba kimoja cha darasa, vishikwambi mkononi na madaftari ya wanafunzi mezani. Wengine huuliza kama huo ni muda wa kazi au wa mazungumzo ya mitandaoni. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa vifaa hivyo vimenunuliwa kwa fedha za umma na saa za mwalimu ni mali ya watoto wa kata. Makala hii inaeleza mafunzo yanayofanyika kwa njia hiyo, sababu za kuanzishwa kwake, mipaka yake, na mambo ambayo mzazi anaweza kuyafuatilia ili yalete faida darasani.

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini

Mwalimu anapohitimu chuo hupewa cheti, lakini kazi yake haibaki kama ilivyokuwa siku ile. Mitaala hubadilika, idadi ya wanafunzi huongezeka, na watoto huja na mahitaji ambayo hayakuzungumzwa chuoni. Kwa sababu hiyo Serikali, kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ilitoa mwaka 2020 kiunzi cha kitaifa cha mafunzo endelevu ya walimu kazini. Utaratibu huo unafahamika kwa jina la MEWAKA, na uratibu wake kitaifa umo mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), chombo kilekile kinachoandaa mitaala na vitabu vya kiada.

Zamani mafunzo kazini yalimaanisha semina. Walimu wachache waliitwa mjini au chuoni, wakalipwa nauli na posho, wakafundishwa siku kadhaa, kisha wakatakiwa kurudi na kuwafundisha wenzao. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ujumbe ulipungua nguvu kila ulipopokezwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na mwalimu wa mwisho alipata muhtasari wa muhtasari. Pili, mwalimu aliyekwenda semina aliacha darasa bila mtu, na katika shule yenye walimu wachache pengo hilo lilionekana mara moja.

Chini ya MEWAKA, sehemu kubwa ya mafunzo hufanyika shuleni penyewe. Walimu hukutana katika Jumuiya za Ujifunzaji, yaani vikundi vya walimu wanaosoma, kujadili na kusaidiana kazi. Shule yenye walimu wachache mno huweza kuungana na shule jirani. Vituo vya walimu vilivyopo katika baadhi ya kata hutumika kama mahali pa kukutania na kupata vitabu na vifaa.

Vishikwambi navyo viliingia katika mpango huo. Baadhi yake ni vile vilivyotumiwa na makarani wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo baada ya zoezi hilo Serikali ilivielekeza kwa walimu. Kupitia kishikwambi au simu yake, mwalimu huingia katika mfumo wa kielektroniki wa kujifunzia wa TET, ambako masomo yamepangwa katika moduli. Kila moduli ina maelezo, mifano na kazi za kufanya. TET ina pia maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, ambayo mwalimu anaweza kuitumia anapoandaa somo.

Kujifunza kwa nafasi yake mwenyewe

Sifa kuu ya mafunzo haya ni kwamba hayamlazimishi mwalimu kuwa mahali fulani kwa saa fulani. Anaweza kusoma moduli moja jioni, akaiacha katikati, akaendelea siku ya pili yake. Mwenye uzoefu wa miaka 20 anaweza kupita haraka sehemu anazozifahamu na kutulia kwenye jambo jipya. Aliyeajiriwa mwaka jana anaweza kurudia somo moja mara tatu bila kuona haya mbele ya wenzake.

Faida hiyo imedhihirika zaidi tangu mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa Januari 2024, kwa kuanzia na baadhi ya madarasa. Mtaala mpya unamtaka mwalimu apange azimio la kazi na andalio la somo kwa namna ambayo wengi hawakuizoea. Kumwita kila mwalimu nchini katika ukumbi mmoja baada ya mwingine kungechukua muda mrefu na fedha nyingi. Somo lililowekwa katika mfumo humfikia mwalimu wa mjini na wa kijijini likiwa na maneno yaleyale.

Hata hivyo, uhuru huo una upande wake wa pili. Kozi isiyo na saa maalumu ni rahisi kuahirishwa, kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi wengi hubeba madaftari ya kusahihisha hadi nyumbani. Tena mtu aweza kufungua kurasa zote, akajibu maswali ya kujipima, akamaliza moduli, na darasani akaendelea kufundisha kama alivyofundisha jana. Kishikwambi hubeba somo hadi mkononi mwa mwalimu tu. Kulifikisha somo hilo kwa mtoto ni kazi ya walimu wenyewe, wakiwa pamoja.

Mfano wa somo la kutoa

Umuhimu wa kikundi unaonekana vizuri katika mfano wa hesabu. Mwanafunzi wa madarasa ya chini amepewa swali: 52 toa 27. Akaandika jibu 35. Mwalimu akiweka alama ya kosa na kupita, mtoto atarudia kosa lilelile kesho, kwa kuwa kwake yeye jibu hilo lina mantiki. Katika nafasi ya mamoja ameona 2 na 7, na kwa kuwa amezoea kutoa namba ndogo katika kubwa, ametoa 2 katika 7 akapata 5. Katika makumi ametoa 2 katika 5 akapata 3. Mtoto huyu si mzembe, amefuata kanuni isiyo sahihi.

Moduli ya hisabati inaweza kumweleza mwalimu kosa la aina hiyo na namna ya kulirekebisha kwa vitu vinavyoshikika. Watoto hufunga vijiti kumi kumi. Namba 52 huwa mafungu matano na vijiti viwili. Vijiti viwili havitoshi kutolewa saba, basi fungu moja linafunguliwa, yanabaki mafungu manne na vijiti 12. Vikiondolewa vijiti saba vinabaki vitano, na yakiondolewa mafungu mawili yanabaki mawili. Jibu ni 25, na mtoto ameliona kwa macho yake kabla ya kuliandika.

Mwalimu anaweza kuyasoma hayo peke yake usiku. Lakini moduli haiwezi kumwambia ni wanafunzi wangapi wa darasa lake wanafanya kosa hilo. Hilo hujulikana walimu wanapoleta madaftari katika Jumuiya ya Ujifunzaji, wakayafungua na kuhesabu. Mwenzao aliyewahi kutumia vijiti ataeleza kwamba katika darasa kubwa ni vema kugawa wanafunzi katika makundi na kuandaa mafungu mapema, la sivyo kipindi kitaisha kwa kuhesabu vijiti. Mwalimu atajaribu, kisha kikao kijacho ataeleza kilichofaulu na kilichoshindikana. Ndiyo maana madaftari ya watoto huonekana mezani pamoja na vishikwambi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili si geni nchini

Watu wazima wa kata watakumbuka kwamba Tanzania iliwahi kuwafundisha walimu wakiwa kazini, kabla ya kuwapo kwa intaneti. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto ifikapo 1977. Vyuo vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi kiasi hicho. Vijana waliohitimu darasa la saba walichukuliwa wakafundisha katika shule za vijiji vyao huku wakijifunza ualimu kwa vijitabu vya masomo kwa njia ya posta na kwa vipindi vya redio, katika mpango uliochukua miaka mitatu. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo.

Mpango ule haukuwa na vijitabu na redio peke yake. Ulikuwa pia na waratibu wa elimu waliowatembelea walimu hao, vikao vya kujadili masomo, na mazoezi ya kufundisha yaliyosimamiwa. Pale usimamizi ulipokuwa dhaifu, kijitabu kilibaki kijitabu. Chombo kimebadilika tangu wakati huo, lakini sharti la kufaulu limebaki lilelile: anayejifunza kwa mbali anahitaji mtu wa karibu wa kumuuliza na kumwangalia akifundisha.

Viongozi wa shule nao ni wanafunzi

Mafunzo haya hayawahusu walimu wa darasani peke yao. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi au Mkuu wa Shule ya sekondari kwa kawaida alisomea kufundisha. Akipewa uongozi hukabidhiwa fedha, majengo, watumishi na mikutano, mambo ambayo hayakuwa sehemu kubwa ya masomo yake ya awali. Nchini kuna Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), wenye makao yake Bagamoyo, unaoshughulikia mafunzo ya uongozi na usimamizi wa elimu.

Mfano mmoja ni usimamizi wa fedha. Shule, zahanati na vituo vya afya hutumia mfumo wa kielektroniki wa FFARS kuandaa hesabu na taarifa za fedha zinazopelekwa moja kwa moja katika akaunti zao. Mwalimu Mkuu asiyeumudu mfumo huo hulazimika kusafiri hadi makao makuu ya wilaya kila anapokwama, na siku hiyo shule hukosa kiongozi. Akiweza kurejea maelekezo kwenye kishikwambi chake na kumpigia mhasibu kwa swali moja tu lililobaki, ameokoa nauli na siku ya kazi.

Lakini somo kubwa zaidi kwa kiongozi wa shule ni kuangalia ufundishaji. Kumtembelea mwalimu darasani, kukaa nyuma bila kuingilia kipindi, kuandika alichokiona, kisha kuzungumza naye kwa faragha na kwa heshima, ni kazi inayohitaji ujuzi. Akiifanya kwa lengo la kutafuta makosa, walimu watajificha. Akiifanya kwa lengo la kusaidia, watamwita wenyewe. Kiongozi huyo pia ndiye anayepanga ratiba. Ikiwa kikao cha Jumuiya ya Ujifunzaji hakimo katika ratiba ya shule, mafunzo yote huachwa kwenye hiari ya mwalimu mmoja mmoja, na hiari huchoka.

Vikwazo vilivyopo

Si vema kuwaficha wananchi ugumu uliopo. Cha kwanza ni mtandao. Baadhi ya maeneo ya vijijini hayana mawimbi ya kutosha, na mwalimu hulazimika kupanda kilima au kusubiri siku ya kwenda sokoni. Njia inayosaidia ni kupakua moduli mahali penye mtandao mzuri na kuisoma baadaye bila intaneti. Maandishi na picha za kawaida hutumia data kidogo kuliko video, hivyo mwalimu mmoja anaweza kupakua maandishi kwa niaba ya kikundi. Kijiji kisicho na mawimbi kinaweza kulileta suala hilo katika mkutano wa kijiji ili liwasilishwe kwa Halmashauri, kwa kuwa nchi ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaolenga kufikisha huduma ya mawasiliano katika maeneo yasiyovutia biashara.

Cha pili ni gharama. Walimu wengi hununua bando kwa fedha zao. Mwalimu mwenye familia anapolazimika kuchagua kati ya bando la masomo na mahitaji ya nyumbani, jibu lake linajulikana. Hapa ndipo mpango wa maendeleo wa shule unapohusika, kwa kuwa mahitaji ya mafunzo yakiandikwa humo mapema huweza kujadiliwa wazi na Kamati ya Shule, badala ya kuachwa mfukoni mwa mwalimu.

Cha tatu ni umeme na utunzaji. Kishikwambi kisicho na chaji ni kipande cha kioo tu. Shule isiyo na umeme inahitaji utaratibu unaoeleweka wa kuchaji vifaa mahali salama, daftari la kumbukumbu linaloonyesha kila kifaa kiko kwa nani, na makabidhiano ya maandishi mwalimu anapohama.

Cha nne ni muda. Mafunzo yanayomwongezea mwalimu kazi bila kumpunguzia lolote hayadumu. Shule zinazopanga kikao kifupi chenye mada moja, kila mara kwa siku ileile, hupata mahudhurio bora kuliko zile zinazoita vikao virefu kwa dharura.

Maswali yanayoulizwa na wazazi

Je, vipindi vya watoto huahirishwa kwa ajili ya mafunzo? Havipaswi kuahirishwa. Kukutana shuleni kuna maana pale tu ambapo mwalimu haachi darasa lake. Mzazi anayeona watoto wakirudishwa nyumbani mapema mara kwa mara kwa sababu ya vikao vya walimu anayo haki ya kuuliza kwa Mwalimu Mkuu, na asiporidhika, kwa Afisa Elimu Kata.

Je, mzazi anatakiwa kuchangia? Mafunzo ya walimu si sababu ya kumtoza mwanafunzi mchango wala kumrudisha nyumbani. Jamii inayotaka kusaidia kwa hiari yake, kwa mfano kutoa mahali penye umeme wa kuchajia vifaa, ifanye hivyo kupitia Kamati ya Shule ili jambo hilo liandikwe na lijulikane.

Je, picha za watoto huwekwa mtandaoni? Wakati mwingine walimu hurekodi kipindi ili wakijadili katika kikundi. Taarifa za mtoto, pamoja na picha yake, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha iliyochukuliwa kwa ajili ya mafunzo haipaswi kusambazwa katika makundi ya simu yasiyohusika. Mzazi mwenye wasiwasi amweleze Mwalimu Mkuu mapema.

Je, mwalimu akimaliza kozi nyingi ndiyo amekuwa bora? Si lazima. Idadi ya moduli zilizomalizika huonyesha juhudi ya kusoma, na juhudi hiyo inastahili kupongezwa. Hata hivyo, kipimo kilicho karibu na mzazi ni mtoto wake.

Mambo ya kufuatilia

Mzazi hahitaji kujua kutumia kishikwambi ili kufuatilia mafunzo haya. Yako mambo manne anayoweza kuyaangalia.

Kwanza, afungue daftari la mtoto kila juma. Aangalie kama kazi zimesahihishwa, na kama kosa lililoonyeshwa limefuatiwa na zoezi la kulirekebisha. Alama ya kosa peke yake haimfundishi mtoto.

Pili, amuulize mtoto aeleze alivyopata jibu, hata kama jibu ni sahihi. Mtoto anayeweza kueleza njia yake amefundishwa kuelewa, na anayesema tu kwamba mwalimu ndivyo alivyoandika ubaoni bado anahitaji msaada.

Tatu, katika mkutano wa wazazi aulize Jumuiya ya Ujifunzaji ya shule hukutana lini, inashughulikia tatizo gani la wanafunzi muhula huu, na ni badiliko gani limeonekana. Swali la namna hiyo lina faida kuliko kuuliza kama vishikwambi vinatumika, kwa kuwa kifaa kinaweza kutumika kila siku pasipo badiliko lolote darasani.

Nne, wajumbe wa Kamati ya Shule wahakikishe mahitaji ya mafunzo yameandikwa katika mpango wa shule, na vifaa vimeorodheshwa na kutunzwa. Kamati inapopokea taarifa ya fedha, iulize pia taarifa ya ufundishaji.

Wazazi wakumbuke vilevile kwamba mwalimu anayejaribu njia mpya huweza kukosea mwanzoni. Somo la vijiti laweza kuwa na kelele kuliko somo la ubaoni, na mzazi anayepita dirishani akadhani darasa limemshinda mwalimu. Ni busara kusubiri kidogo na kuangalia matokeo kabla ya kulaumu.

Pa kuuliza

Mwananchi mwenye swali au malalamiko kuhusu mafunzo haya aanzie kwa Mwalimu Mkuu au Mkuu wa Shule husika. Hatua inayofuata ni Afisa Elimu Kata, ambaye hufuatilia kazi za shule zote za kata yake. Suala lisilopata ufumbuzi katika ngazi hiyo lipelekwe Idara ya Elimu ya Awali na Msingi au Idara ya Elimu ya Sekondari katika makao makuu ya Halmashauri, kwa maandishi au kwa kufika ofisini siku za kazi. Masuala ya mtandao, umeme na usalama wa vifaa yaweza kuwasilishwa pia kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata ili yaingizwe katika ajenda za vikao vya kisheria.